Sinema ya Kongo Yawachekesha Watu wa Kibabii

Wasomaji wengi wa gazeti hili huijua Kibabii kwa habari za elimu. Ni mahali palipo karibu na mji wa Bungoma, kando ya barabara iendayo Chwele, penye misheni ya Kikatoliki, shule kubwa ya wavulana, chuo cha walimu, na chuo kikuu kilichopewa hati yake kamili mwaka 2015. Kwa habari ya sinema haijulikani. Atakaye picha huenda kwenye vibanda vya video vya sokoni, au huitazama ndani ya simu yake, kichwa kimeinama kama mtu achambuaye mchele. Lakini siku ya tatu baada ya Krismasi iliyopita watu zaidi ya mia moja na hamsini walikusanyika katika ua wa jirani yangu, wakaitazama picha moja ya Kongo toka mwanzo hata mwisho. Na mambo yaliyotokea usiku ule yalizungumzwa kwetu mpaka mahindi yakapandwa.

Nimeona yafaa niyaandike, maana mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa mfasiri, na sehemu ya lawama ni yangu.

SHUKA MOJA, PANDE MBILI

Jirani yangu ni mwalimu aliyestaafu. Mwanawe wa pili anasoma Ubelgiji, na aliporudi kwa likizo alileta chombo cha kuonyeshea picha, kidogo kama mkate wa duka, pamoja na sinema iitwayo La Vie est Belle, maana yake Maisha ni Mazuri. Mwalimu alitaka kuwashukuru majirani waliochanga fedha za safari ya kijana huyo katika harambee. Chai na mandazi vilikuwako, lakini alisema chai kila mtu anayo nyumbani kwake, afadhali awape kitu wasichokuwa nacho.

Shuka nyeupe ilitundikwa katikati, upande mmoja imefungwa kwenye nguzo ya ghala la mahindi na upande wa pili kwenye mparachichi. Hapo likazuka jambo ambalo mtu wa mjini asingeliwaza. Mwalimu alikuwa amewaalika pia wakwe zake, waume wa binti zake watatu, na kwa desturi ya Kibukusu mwanamume hakai karibu na mama mkwe wake, wala hamtazami usoni, wala hasikii pamoja naye maneno ya mzaha. Wangekaaje uani pamoja kutazama sinema ya mapenzi? Wazee wakashauriana, na mmoja akatoa hukumu ya busara: akina mama wakae mbele ya shuka, wakwe wakae nyuma yake. Nuru ya chombo kile ilipenya kitambaa vizuri, na picha ikaonekana pande zote mbili.

Walio nyuma, basi, waliona mambo yale yale, ila yamegeuka. Maandishi yalisomeka kinyumenyume, na kila mtu aliyekula au kusalimia alitumia mkono wa kushoto. Mkwe mmoja alinieleza baadaye kwamba kwa saa nzima alidhani Wakongo wote ni watu wa mashoto, akaona ndiyo sababu wanapiga gitaa vizuri kutushinda.

Mimi niliwekwa ukingoni mwa shuka, penye nguzo ya ghala, mguu mmoja upande huu na mmoja upande ule, nikapewa kipaza sauti. Kifaransa sikijui, isipokuwa salamu mbili. Kazi yangu ya kila siku ni barua na majalada, na kusoma matangazo barazani. Kijana wa Ubelgiji alikaa karibu nami, akininong'oneza maana ya maneno, nami nikayatoa kwa Kiswahili. Na akina mama wazee waliotaka Lubukusu walipewa na wajukuu wao. Kwa hiyo neno lililosemwa Kinshasa lilipita vinywa vitatu kabla halijamfikia kukhu, yaani bibi, aliyeketi juu ya gunia mbele kabisa.

PICHA YENYEWE

Sinema hii ilitengenezwa Kinshasa, ikatolewa mwaka 1987, wakati nchi ya Kongo ilipokuwa ikiitwa Zaire. Waongozaji wake ni wawili. Mmoja ni Ngangura Mweze, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1950, katika upande ule wa Kongo ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya kanisa; wa pili ni Benoît Lamy, Mbelgiji. Fedha zilitoka Zaire, Ubelgiji na Ufaransa, nazo si fedha za kulinganishwa na zile za makampuni makubwa ya Marekani. Hutaona humo magari yakilipuka wala majumba yakiporomoka. Utaona mitaa ya mji, baa, wapiga viatu rangi, na watu wanaojua kuimba.

Mkuu wa mchezo ni Kourou, kijana wa shamba mwenye kipaji cha muziki, anayekwenda Kinshasa ili awe mwimbaji. Aliyeigiza ni Papa Wemba, ambaye hakuwa mwigizaji kwa kazi yake bali mwanamuziki, mmoja wa waanzilishi wa Zaiko Langa Langa mwaka 1969, na baadaye mwenye bendi yake Viva la Musica tangu 1977. Huko mjini Kourou hapati jukwaa; anapata kazi ya utumishi wa nyumbani kwa bwana tajiri aitwaye Nvouandou, mwenye klabu ya muziki. Amempenda binti mzuri, jina lake Kabibi. Naye bwana tajiri, ambaye tayari ana mke, anamtaka Kabibi awe mke wa pili. Ndani ya picha yumo pia Pepe Kalle, jitu lile la sauti nene, na Emoro, mtu mfupi aliyekuwa akicheza dansi katika bendi yake. Wote watatu wamekwisha kufariki: Emoro mwaka 1992, Pepe Kalle mwaka 1998, na Papa Wemba mwaka 2016, alipoanguka jukwaani Abidjan katikati ya kuimba.

Mwendo wa hadithi si mgeni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 palitengenezwa Tanganyika sinema ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, inayomwonyesha mtu wa shamba aliyekwenda Dar es Salaam akapambana na werevu wa mjini. Na aliyeigiza humo alikuwa mtumishi wa serikali, Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa nchi yake. (Nimewakumbusha wakubwa wangu ofisini jambo hili, bila ya faida.) Kourou alipotokea Kinshasa na kushangaa mji, vicheko vya kwanza vilitoka kwa wanaume waliowahi kufanya kazi Nairobi. Kila mmoja alitaka kueleza alivyofika yeye siku ya kwanza: huyu alimsalimu kila mtu aliyepishana naye njiani, yule alimpa sanduku lake mtu aliyejitolea kumsaidia kulibeba, na hata leo hajamwona tena mtu huyo wala sanduku. Ilinibidi niombe kimya mara mbili.

NYIMBO WALIZOZIJUA BILA KUZIJUA

Nilikuwa na wasiwasi juu ya nyimbo, maana ni za Kilingala na hata yule kijana hakuzijua zote. Wasiwasi wangu ulikuwa wa bure. Watu wa magharibi ya Kenya wameusikiliza muziki wa Kongo kwa miaka zaidi ya sitini. Wapiga gitaa kutoka Katanga, kama Jean-Bosco Mwenda aliyeimba Kiswahili, walisikika huku zamani za sahani za santuri. Baadaye wanamuziki wa Kongo walihamia Nairobi, na bendi zao, Super Mazembe, Les Mangelepa, na Orchestre Virunga ya Samba Mapangala, zikapiga humo miaka ya 1970 na 1980. Mkulima wa miwa hapa kwetu ambaye hajafika hata Malaba anaweza kuifuata sauti ya Kilingala kwa kinywa chake toka mwanzo hata mwisho wa wimbo, na ukimwuliza maana atakuambia ni habari ya mapenzi, na kwa kawaida anakuwa hakukosea.

Basi muziki ulipoanza nikakishusha kipaza sauti, na hapakuwa na aliyenidai tafsiri. Mzee mmoja wa rika la Banyange, ambaye ujana wake wote alipiga litungu katika harusi, aliinama mbele akisikiliza vidole vya mpiga gitaa. Alisema taratibu, si kwa mtu yeyote, kwamba gitaa lile linajibu na lingine kama nyuzi za juu na za chini za litungu. Vijana hawakusikia hayo, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kusimama. Na jambo la kupendeza ni kwamba hawakucheza kama Wakongo wa kwenye shuka. Viuno viliachiwa Kinshasa. Wao walitikisa mabega, kamabeka yenyewe, juu ya rumba, na haikugongana. Vumbi likapanda mpaka nuru ya picha ikaonekana hewani kama boriti, na Papa Wemba akawa anaimba ndani ya wingu.

UGONJWA WA MGONGO

Sasa nafika mahali pa aibu yangu. Bwana Nvouandou ana shida ambayo haisemwi mbele ya watu: nguvu za kiume zimemwishia. Anakwenda kwa mganga, na mganga anamwagiza aoe msichana ambaye hajamjua mwanamume, kisha asimguse kwa siku thelathini, ndipo atapona. Kisa chote cha kuchekesha katika sinema hii kimejengwa juu ya siku hizo thelathini, kwa maana ndani yake Kabibi ni mke bila kuwa mke, na Kourou mtumishi yumo humo humo.

Kijana aliponinong'oneza maneno ya mganga nilitazama kushoto nikaona akina mama wakwe, nikatazama kulia nikaona wakwe. Katika shule ya misheni niliyosoma tulifundishwa kwamba mfasiri ni chombo tu, kama bomba la maji. Lakini bomba halina mama mkwe. Nikasema kwa sauti ya barazani: "Bwana huyu anaumwa mgongo. Mganga anamwambia aoe mke mwingine, akae siku thelathini bila kumkaribia, na mgongo wake utapona."

Palikuwa kimya kidogo. Ndipo kukhu wa kwenye gunia akauliza kwa Kiswahili safi ambacho sikujua kuwa anacho: "Karani, mjukuu wangu, ni mgongo gani huo unaotibiwa kwa kuoa?"

Mbele ya shuka pakalipuka. Wanawake walipigana viganja, mmoja akaanguka juu ya mwenzake. Nyuma ya shuka nilisikia wakwe wakikohoa, wakijaribu kwa heshima kukizuia kicheko, hata mmoja akashindwa, na wote wakashindwa. Hivyo mama mkwe na mkwe wake walicheka pamoja jambo ambalo wasingeweza kulitaja pamoja hata mara moja, na shuka ikiwa katikati hakuna aliyemwona mwenziwe. Tangu hapo kila Nvouandou alipotokea, watoto walipiga kelele, "Mgongo! Mgongo!" bila kujua wanalolisema, na wakubwa wakafuta machozi.

Waliocheka zaidi hawakuwa wale niliowatazamia. Nilidhani vijana ndio watakaoipenda picha hii, na wazee wataona ni upuuzi. Kumbe vijana walipenda nyimbo na mavazi, wakarudi kwenye simu zao wakati wa mazungumzo. Wazee ndio walioshika hadithi. Walimjua mganga wa namna ile. Walimjua tajiri wa namna ile. Yule mzee wa litungu alitaja hata jina la mtu wa Chwele, ambalo sitaliandika. Na mke mkubwa wa Nvouandou, ambaye hakulipokea jambo la mke mwenza kwa kunyamaza, alishangiliwa na wanawake kama mchezaji mpira, ilhali upande wa wanaume kila mmoja alipata ghafla haja ya kutengeneza kiti chake.

SWALI LILILOTOKA GIZANI

Picha ilipofika kwenye habari ya ndoa ya Kabibi na tajiri, vicheko vilikuwa bado vinaendelea. Hapo sauti ya msichana ikatoka upande wa akina mama, si kali, bali yenye kusikika: "Karani, huyo Kabibi ameulizwa?"

Ni lazima nieleze yale ambayo kila mtu uani aliyajua. Msichana yule ana miaka kumi na tisa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata alama za kumwingiza chuo cha walimu, lakini karo haikuwako, na kwa mwaka mzima alikuwa nyumbani akilima. Mfanyabiashara mmoja wa upande wa Kitale, mwenye malori mawili na mke mmoja, alikuwa amekwisha kutuma watu kwa baba yake mara mbili. Baba alikuwa hajakubali wala hajakataa. Alikuwa ameketi hatua kumi kutoka kwangu, akila karanga.

Nilimgeukia kijana wa Ubelgiji ili anipe jibu. Alikuwa ameinama akihangaika na waya uliolegea, wala hakusikia. Kwenye shuka watu walikuwa wakiendelea kusema Kifaransa. Watu mia na hamsini walikuwa wakiningojea. Nikasema katika kipaza sauti: "Hajaulizwa."

Sitaki kujisifu wala kujitetea. Neno lile halikutoka Kinshasa. Lilitoka kwangu. Na mara nilipolisema ua ulinyamaza kwa namna ambayo haukunyamaza usiku kucha, hata karanga zikasimama. Kukhu wa kwenye gunia peke yake ndiye aliyetoa sauti, ile sauti ya ulimi na meno ambayo wanawake wetu huitumia kumaliza shauri. Kisha muziki ukaanza tena, na picha ikaenda zake mpaka mwisho, ambapo kila jambo linatengenea na Kourou anaimba mbele ya watu, na watu wa Kibabii wakaimba naye.

MFASIRI ASHITAKIWA

Siku ya pili niliitwa na wazee watatu chini ya mparachichi ule ule. Hawakuwa wakali. Yule wa rika la Banyange aliniuliza jambo moja tu: "Lile neno la kwamba binti hajaulizwa, lilikuwa la sinema au lako?" Nikakiri kuwa ni langu. Akatikisa kichwa, kisha akasimulia habari ambayo sikuitazamia.

Alisema alipokuwa mtoto gari la sinema la serikali lilikuwa likija, likasimama uwanjani, na watu wakatoka mbali kwa miguu. Palionyeshwa picha za kunawa mikono, kuchimba vyoo, na kupanda mbegu bora. Kisha, kama wamevumilia vizuri, Charlie Chaplin. Pembeni alisimama mtu na kipaza sauti, akieleza. "Nasi tulijua," alisema mzee, "kwamba picha ni ya serikali lakini maneno ni ya yule mtu. Picha ya choo ikija, yeye alimtaja mtu wa kwetu asiyekuwa na choo. Tukacheka mpaka mtu huyo akachimba." Akanitazama. "Lakini yeye alikuwa mgeni. Wewe ni jirani."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Wakubwa wa zamani walioshughulika na sinema za Waafrika waliandika sana juu ya watazamaji. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Notcutt na Latham walitengeneza picha fupi huko Vugiri katika milima ya Usambara, zaidi ya thelathini, wakazizungusha Afrika Mashariki na Kati kwa lori. William Sellers, aliyeanzia kazi hiyo Nijeria, alifundisha kwamba mtazamaji wa Kiafrika apewe picha za polepole, zisizorukaruka, la sivyo hataelewa. Sijui wangesema nini wangelimwona kukhu wetu, ambaye picha ilimrukia kutoka kijijini hadi klabu ya Kinshasa, kwa lugha asizozijua, na tafsiri ya uongo juu yake, naye akaipata maana iliyofichwa kabla ya mwenye shahada.

Na mtu yule wa pembeni mwenye kipaza sauti hajaondoka Afrika Mashariki. Tanzania walikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake iliuza kanda za sinema za kigeni kuliko wachezaji wenyewe. Uganda wanao wengi, na kila kibanda kina mpenzi wake. Kenya tunaye DJ Afro, ambaye humchukua Mchina mpiga karate akamfanya mtu wa mtaani anayedaiwa kodi ya nyumba. Watu hulipa ili wayasikie maneno yao. Nilipowatajia wazee mifano hii, mmoja alinijibu kwamba hao hawatafsiri mambo ya binti wa jirani.

Hukumu yao ilikuwa nyepesi. Nilitakiwa niende kwa baba wa msichana nikamweleze kwamba sikukusudia kumwaibisha. Nilikwenda jioni ile, nimevaa koti. Alinikaribisha chai, akanisikiliza hata mwisho, akasema, "Ni sinema tu, Bwana Karani." Kisha akaniuliza habari ya bei ya mbolea. Niliondoka nikiwa sijui kama nimesamehewa au nimefukuzwa. Mke wake alinisindikiza mpaka penye mlango wa ua, jambo ambalo hakuwa amelifanya zamani, na hakusema neno lolote isipokuwa kunitakia usiku mwema.

Katika soko la Kibabii, muda wa wiki kadhaa, mtu mwenye maumivu yoyote hakuthubutu kuutaja mgongo wake. Fundi baiskeli mmoja aliyeumia kweli, kwa kuinua gunia la mahindi, alikwenda zahanati na kusema ni bega. Wanawake wa chama cha akiba walianza kuitana Kabibi. Kwa upande mwingine, wako waliochukizwa. Katekista mmoja, mtu ninayemheshimu, alisema si vema kuonyesha mambo ya waganga bila mtu wa kueleza ubaya wake, naye ana haki ya kusema hivyo, ingawa nadhani mganga yule alichekwa kuliko ambavyo angeweza kuchekwa kwa mahubiri. Wakwe wa mwalimu waliniletea kuku.

Ilikuwa mwezi wa Februari, siku ya Jumatatu, ofisi imejaa watu wa vyeti na malalamiko ya mipaka, nilipoinua macho nikamwona baba wa msichana yule amesimama kwenye foleni kama mtu mwingine yeyote, kofia mkononi. Zamu yake ilipofika aliniuliza ni karatasi gani zinazotakiwa kwa mtu anayeomba basari ya chuo cha walimu. Nikamweleza: nakala ya cheti cha kidato cha nne, barua ya chuo, kitambulisho cha mzazi, na mhuri wa chifu. Alizirudia moja moja ili asisahau. Habari ya Kitale hakuitaja, nami sikuuliza, maana pale dirishani mimi ni karani tu. Fomu nilimpa mbili, kwa kuwa ya kwanza watu huiharibu.

Alizikunja, akaziweka ndani ya koti, akageuka kwenda. Kisha akarudi hatua moja, akaniinamia kwa sauti ya chini ili wa nyuma wasisikie. Alisema mwalimu amewaambia kwamba kijana wake atarudi tena kwa likizo, na ile shuka ingaliko. Akataka kujua kama safari hii nitautaja ule mgongo kwa jina lake.

Nikamwambia itategemea wakwe watakaa upande gani.